Maji Kabla ya Neno

Ko.

Kimya kidogo, kisha tena: ko.

Ilikuwa sauti ndogo sana, ya chupa ya plastiki iliyojaa maji ikilazwa juu ya bati na mtu anayeogopa kuamsha wenzake. Alfajiri ilikuwa haijapambazuka, na jogoo wa Bi Tausi wa nyumba ya pili alikuwa hajajikung'uta. Lakini Bi Sikudhani aliisikia chupa hiyo hadi kwenye uboho, kama mtu aliyesikia mlango wake ukivunjwa.

"Zamda," aliita kwa sauti ya chini. "We mke mwenzangu. Shuka huko."

"Nimebakisha mbili tu, Bibi."

"Hizo mbili ndizo zitakazotuzika. Shuka."

Zamda alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, nyuma ya jiko la uani, anazipanga chupa mgongoni mwa bati ili jua likitoka lizikute. Alikuwa mjukuu pekee wa Bi Sikudhani, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha kwa vitumbua hadi akapata shahada ya mambo ya maji. Kazi hakupata. Kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuiweka elimu yake, aliiweka hapo nyumbani. Kila jioni alichuja maji ya bomba kwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, akayatia kwenye chupa zisizo na rangi, na kabla ya mapambazuko akazilaza juu ya bati ziote jua kutwa nzima. Ndiyo maji waliyokunywa. Bi Sikudhani, ambaye tangu usichana wake alidhani kuumwa tumbo ni sehemu ya kuwa na tumbo, alipona akashangaa amebaki na nafasi kubwa namna gani ndani ya mwili wake.

Hayo yote yangekuwa mambo ya kumshukuru Mungu. Lakini mwaka huo, katika nchi hiyo, kuwa na shahada bila kuwa na kazi lilikuwa kosa, na chupa juu ya bati ilikuwa sawa na bendera.

*

Nchi yenyewe jina lake lilikuwa limepelekwa kusafishwa na halijarudi, kwa hiyo tuiite nchi tu. Ilikuwa nchi ya amani, yenye wizara nyingi na chuo kikuu kimoja.

Kila mwaka Waajiri wa Dunia huulizwa wanavionaje vyuo vikuu vyote duniani, na waliosoma humo wanafaa kazi kwa kiasi gani. Waajiri wa Dunia ni watu wakubwa wanaokaa mbali, kwenye ubaridi mzuri. Wengi wao hawajawahi kukanyaga vyuo hivyo wala kuonana na waliosoma humo, na hilo ndilo linaloyapa maoni yao uzito, maana mtu aliyekiona kitu kwa macho huenda akakipendelea.

Mwaka huo walipoulizwa kuhusu chuo cha nchi hii, walijibu kwa maneno mawili: "Chuo gani?"

Jibu hilo lilipofika, Wizara ya Sifa ilifunga madirisha. Wataalamu wake walikaa wakalitazama. Kundi moja lilisema ni dharau. Kundi jingine lilisema la, mtu akikuuliza swali ameonyesha kupendezwa. Mkuu wa Nchi alisikia akashindwa kumaliza chakula chake, na mpishi wake, mama mwema, akalia kwa kudhani ni chumvi.

Ndipo Waziri wa Sifa alipozungumza na taifa. Alikunywa maji funda moja, akapangusa mdomo, akasema:

"Ndugu wananchi, tumeupata ugonjwa. Ugonjwa ni wastani. Wahitimu wetu wenye kazi ni wachache, wasio na kazi ni wengi, na hao wengi wamewalalia wenzao kifuani. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuwatafutia kazi, nayo ina gharama. Ya pili ni kuwapunguza wasio nazo. Hesabu haidanganyi, ndugu zangu: tukiwaondoa waliokosa, waliopata wataongezeka bila hata mmoja wao kuajiriwa."

Watu walipiga makofi, kwa kuwa hesabu yenyewe ilikuwa sahihi.

Basi ikatungwa Sheria ya Kurejesha Elimu. Mhitimu yeyote anayekaa nyumbani airudishe serikalini elimu aliyopewa, awe kama ambaye hakuwahi kusoma, aachwe kwa amani. Kwanza waliambiwa warudishe vyeti, na walivirudisha kwa furaha, wengine pamoja na fremu. Lakini mtaalamu mmoja mwenye macho makali akauliza: karatasi imerudi, je, kilichomo kichwani? Hapo ndipo ulipozaliwa Mtihani wa Kutojua. Wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali. Aliyepata sifuri alifaulu, akafutwa katika hesabu ya wahitimu, akabaki kwao. Aliyejibu hata swali moja sawasawa alionekana bado ana mali ya umma mwilini, akapelekwa Bweni la Kusahau.

Kilichotendeka bwenini hakuna aliyekijua vizuri. Walioingia walisahau, na walinzi waliapishwa. Watu walisema tu kuwa kuna vipaza sauti ukutani, na kutwa kucha sauti tamu ya mwanamke husoma majibu ya maombi ya kazi: tumepokea, tumeshukuru, wenzako walikuwa wengi, tutakujulisha.

Bi Sikudhani hakuhitaji kusimuliwa. Alikuwa amemwona Kibwana, mtoto wa Bi Tausi, aliyesomea historia. Kibwana alijibu swali moja tu, la mwaka gani nchi ilipata uhuru, akachukuliwa. Aliporudi alikuwa msafi, nywele zimekatwa, anatabasamu. Mama yake alimkumbatia akamwekea uji wa mtama aliokuwa akiupenda. Kibwana aliutazama uji, akamtazama mama yake, akasema kwa upole:

"Tumepokea. Tutakujulisha."

Hakuwa na neno jingine tena. Bi Tausi akimwambia alale, tutakujulisha. Akimuuliza kama anaumwa, tutakujulisha. Jioni moja Bi Sikudhani alimkuta jirani yake huyo amekaa kizingitini, bakuli la uji limepoa mapajani, anasema taratibu, "Labda kweli watanijulisha, shoga." Tangu siku hiyo Bi Sikudhani hakuwa na usingizi wa kueleweka.

*

Akaanza kumfundisha mjukuu wake kutojua.

Walikaa jikoni mchana, mlango umerudishwa. Bi Sikudhani, ambaye aliacha shule akiwa darasa la nne, aliketi kwenye kigoda kama mkaguzi. Zamda akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Maji ni nini?"

"Sijui," alijibu Zamda.

"Mbona haraka hivyo? Anayekana haraka ndiye anayejua. Mwizi akiulizwa kuku, kwanza huuliza kuku ni nini. Rudia. Maji ni nini?"

Zamda akatazama dari, akavuta muda. "Maji... ni yale ya kwenye ndoo?"

"Hapo sawa. Kwa nini watu wanaumwa matumbo?"

"Kwa sababu maji ya bomba yana vijidudu vinavyotoka..."

"Zamda."

"Kwa sababu ya uchawi, Bibi."

"Ahsante."

Zamda akacheka, akakaa chini akaegemea magoti ya bibi yake. "Nimekaa chuoni miaka yote ile kuyatia kichwani. Sasa nayatoa kwa mkono gani? Wewe ungeweza kusahau kupika vitumbua?"

"Wakitaka kukuchukua, nitavisahau leo leo, unga nimeushika mkononi."

Aliyasema kama utani, lakini alikuwa akimsuka Zamda, na njia ya nywele ikaenda upogo. Zamda aliijua kwa kidole. Akaenda nayo upogo hivyo hivyo juma zima, watu wakamcheka bombani.

Jambo moja tu alikataa. Chupa. Bibi yake alimsihi aziache kwa muda, wanywe ya bomba kama wengine. Zamda alikubali kuwa mjinga mbele ya serikali, lakini hakukubali bibi yake aanze tena kukesha chooni. Wakaafikiana chupa zipande alfajiri na zishuke mara tu wakaguzi wanapoonekana mtaani.

*

Sasa ijulikane kuwa katika nchi hiyo, tangu enzi za mababu, maji hutangulia neno. Mgeni hupiga hodi, hukaribishwa, hukalishwa, hupewa maji, hunywa. Kabla ya hapo aseme analotaka, hata atukane, halihesabiwi, ni upepo. Posa hutolewa baada ya maji na msiba hutangazwa baada ya maji. Sheria ya Kurejesha Elimu yenyewe ilikuwa halali kwa sababu tu ya funda lile moja la Waziri. Kwa hiyo mkaguzi hakuweza kuuliza swali la mtihani mpaka awe amekunywa maji ya nyumba ile.

Na maji ya bomba la mtaa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wizara ya Maji iliyaita maji yenye virutubisho. Mkaguzi mmoja hupita nyumba nyingi kwa siku, kila nyumba kikombe, na haukupita mwezi wakaguzi wote wa nchi wakawa wanatembea wameshika matumbo. Serikali iliwahurumia. Ilitoa waraka wa kuwaruhusu kulegeza mikanda.

Siku alipokuja mkaguzi wa kwao, Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kuzificha chupa chini ya kitanda. Aliitwa Bwana Ligoha, kijana mrefu, uso umesawajika, mkono mmoja kwenye begi na mwingine tumboni. Alivua viatu mlangoni, akavipanga sawasawa, visigino ukutani, ingawa hakuna aliyemwambia. Bi Sikudhani aliliona hilo, akalihifadhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Kisha akaenda kuchota maji, na huko ndani alisimama. Mbele yake palikuwa na ndoo ya bomba. Chini ya kitanda palikuwa na chupa. Akimpa haya meupe, atauliza yametoka wapi. Akimpa yale ya ndoo, anamwongezea ugonjwa mtoto wa watu aliyempangia viatu. Bi Sikudhani hakuwahi kumdhuru mgeni maishani mwake. Lakini alifikiria bakuli la uji mapajani mwa Bi Tausi, akachovya kikombe kwenye ndoo.

Ligoha alikipokea kwa mikono miwili. Alifumba macho kama mtu anayemeza dawa, akakipeleka mdomoni.

"Usinywe hayo," alisema Zamda.

Alikuwa ametokea uani bila kuitwa. Akakichukua kikombe mkononi mwa mkaguzi.

"Tumbo lako linanyonga tangu lini, kaka? Umepata homa? Haya usiyaguse. Tunayo mengine, yamechujwa yakaota jua kutwa nzima. Jua linaua vile vijidudu. Ukinywa haya mwilini mnaingia..."

Akanyamaza. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Ligoha alikitazama kikombe, akaitazama karatasi yake, akautazama mlango ambako dereva wa Wizara alikuwa akisinzia ndani ya gari.

"Mama," alisema polepole, "mimi bado sijanywa maji humu ndani. Kuna mtu amesema kitu? Nimesikia upepo tu."

Bi Sikudhani akaingia chumbani mbio, akarudi na chupa nzima. Ligoha akanywa, akanywa tena, kisha akakaa wima, akageuka serikali.

"Zamda binti Makame. Maji hutoka wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Na kabla ya ndoo?"

"Kwenye ndoo ya jirani."

"Mvua ni nini?"

"Kelele za juu ya bati."

"Je, umewahi kusoma chuo kikuu cha taifa hili?"

Zamda akatazama dari. "Chuo gani?"

Kalamu ya Ligoha ilisimama. Aligeuza uso ukutani, mabega yakamtikisika kidogo, na alipogeuka alikuwa na uso wa kazi. "Hilo ndilo jibu la Waajiri wa Dunia wenyewe," alisema. "Hongera, dada. Hujui kitu kwa kiwango cha kimataifa."

Akaandika sifuri kubwa, ya mviringo mzuri. Mlangoni alivaa viatu vyake, akaaga, akaondoka. Bi Sikudhani alikaa sakafuni akamshika Zamda vifundo vya miguu, wala hakuviachia hadi jua likazama.

*

Laiti wema ungekaa mahali ulipowekwa.

Usiku ule Ligoha alilala usingizi mzima kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Kesho yake tumbo lilianza kulia tena, maana nyumba bado zilikuwa nyingi, naye akakumbuka ile chupa. Alipita kwa Bi Sikudhani kabla ya kazi, kwa heshima, akaomba ya kubeba. Utamnyimaje? Siku iliyofuata alikuja na mwenzake aliyekuwa akitembea amejikunja kama ndoano. Huyo naye alikuwa na rafiki. Zamda akazidisha chupa. Bati likajaa, likawaka kama bahari ndogo, na alfajiri ile ko moja moja ikawa ko-ko-ko ya kuamsha mtaa.

"Waambie wasije," alinong'ona Bi Sikudhani. "Waambie maji yamekwisha."

"Waambie wewe, Bibi."

Bibi alitoka kwenda kuwaambia. Aliwakuta wamepanga foleni uani, wakaguzi watu wazima, mikanda imelegea, kila mmoja amevua viatu akaviegemeza ukutani kama walivyoelekezwa na Ligoha. Walimwamkia kwa pamoja kama darasa. Akarudi ndani akaleta vikombe.

Lakini katika nchi hiyo foleni ni kitu cha hatari. Watu wanajua kuwa palipo na foleni pana kitu kinagawiwa, na serikali inajua kuwa ikiwa haikigawi yenyewe, basi kuna mtu mwingine anayekigawa. Wizara ya Sifa ikapata habari kwamba wakaguzi wa mtaa mmoja wameacha kushika matumbo. Ikaona hilo si bure.

Akaja Mkuu wa Wakaguzi mwenyewe, Bwana Mtengwa. Alikuwa mtu mfupi, safi, mwenye sauti ya kubembeleza. Aliingia na viatu. Ligoha alikuwa nyuma yake amebeba begi, uso umekuwa wa majivu.

"Karibu kiti, bwana mkubwa," alisema Bi Sikudhani. "Subiri nikuletee maji."

"Usisumbuke, mama. Nimeshakunywa nyumbani."

Bi Sikudhani alishika nguzo ya mlango. Katika umri wake wote hakuwahi kumsikia mtu akisema hivyo. Aliwahi kuwaona wezi wakinywa maji kwanza. Aliwahi kumwona mtu aliyekuja kumpiga nduguye akanywa, akashukuru, ndipo akampiga. Huyu alikuwa amejihalalishia maneno yake mwenyewe kabla ya kuingia, na nyumba haikuwa na mahali pa kujifichia.

"Binti," alisema Mtengwa, "kwa nini wakaguzi wangu hawaumwi?"

"Sijui, bwana," alijibu Zamda baada ya muda uliotakiwa. "Labda ni dua zao."

"Zile chupa juu ya bati ni za nini?"

"Zinazuia bati lisipeperuke."

"Vizuri. Vizuri sana. Karatasi hapa inasema sifuri, na mimi naipenda sifuri." Aliinuka, akachukua kikombe, akakichovya kwenye ndoo ya bomba. Maji yalitoka na kijani kidogo pembeni. Akamnyooshea Bi Sikudhani. "Basi anywe bibi. Kikombe kimoja tu, kisha tutaaga."

Mtaani kulikuwa na ugonjwa wiki hiyo. Kwa Bi Tausi walikuwa wamezika mpangaji juzi, na kila mtu alijua alianza na tumbo.

Bi Sikudhani alikipokea. Wala hakuona taabu. Aliyanywa maji hayo maisha yake yote. Na hata yangekuwa ya mwisho, aliona ni bei ndogo. Alimtazama mjukuu wake kwa macho ya kumwamuru: nyamaza. Maisha yangu ni yangu. Nyamaza. Akakigusisha kikombe mdomoni.

Mkono wa Zamda ulikuwa tayari umekizuia.

"Bibi, usinywe."

"Mwache anywe," alisema Mtengwa. "Kuna nini kwani?"

Zamda alikimwaga kikombe uani. Kisha akaeleza. Alieleza yote kwa sauti tulivu, mikono nyuma: vijidudu vinatoka wapi, bomba linapita chini ya nini, kanga inachuja kitu gani na jua linamaliza kitu gani, na kwamba serikali ikitaka, mtaa mzima unaweza kupona kwa chupa zinazotupwa jalalani. Alisema kama mtu anayetema mfupa uliomkaa kooni muda mrefu. Bi Sikudhani alikuwa akilia, na katikati ya kulia alijikuta anafikiri: kumbe anajua hivi, mtoto wangu.

"Umeelewa hayo, Ligoha?" aliuliza Mtengwa bila kugeuka.

Ligoha angeweza kusema amesikia upepo. Alimtazama Zamda.

"Nimeelewa, mkuu," alisema.

"Basi na wewe unayo." Mtengwa alifunga kalamu yake. "Inaambukiza. Nilijua."

Waliwachukua wote wawili kwa gari moja. Kabla ya kupanda, Ligoha alikumbuka kuwa alivua viatu, akaomba ruhusa ya kurudi kuvichukua. Hakupewa. Bi Sikudhani alivikuta mlangoni, visigino ukutani.

*

Mwaka mpya Waajiri wa Dunia waliulizwa tena. Chuo cha nchi hii kilikuwa sasa na wahitimu watatu kwa jumla, wote wana kazi, wote wana ujomba na Waziri. Waajiri waliambiwa: asilimia mia. Wakasema hawajawahi kupokea malalamiko yoyote kuhusu wahitimu hao. Chuo kikapanda kama moshi. Redio ilipiga ngoma kutwa nzima, na Mkuu wa Nchi akamaliza chakula chake.

Ndani ya habari hizo mtangazaji alitia jambo dogo. Waajiri wa Dunia, kwa kuwa sasa wamekijua chuo, wanaomba wapelekewe mtaalamu mmoja wa maji, maana wafanyakazi wao waliokuja kuchimba madini katika nchi hiyo hiyo wanaumwa sana matumbo. Serikali imewajibu kwamba mtu wa namna hiyo hajawahi kuwepo katika historia ya taifa. Hata hivyo, tutawajulisha.

Bi Sikudhani aliizima redio polepole, kama anavyofunikwa maiti uso. Akaenda kukaanga vitumbua.

*

Bweni la Kusahau lilikuwa na siku ya wageni, kwani serikali haikuwa na cha kuficha. Siku hiyo yenyewe ilikuwa mtihani. Aliyemtambua mgeni wake alikuwa bado anakumbuka, akabakizwa. Mgeni akija mara kadhaa asitambuliwe, mfungwa huruhusiwa kwenda nyumbani na mtu asiyemjua.

Kwa hiyo Bi Sikudhani alikwenda na hofu mbili, moja kila mguu. Njia nzima aliomba Zamda asimjue. Alipofika getini akaomba, Mungu amsamehe, amjue.

Walimkalisha kwenye benchi katika ukumbi mrefu. Ile sauti tamu ilikuwa ikisoma ukutani: wenzako walikuwa wengi, tutakujulisha. Ligoha alipita peku, ameshika fagio. Bi Sikudhani alimwekea viatu vyake chini. Alivitazama, akasema, "Tumepokea. Tutakujulisha," akaenda zake. Alipofika mwisho wa ukumbi alirudi, akavichukua, akavipanga visigino ukutani.

Kisha wakamleta Zamda. Alikuwa amekonda, nywele zimekatwa, anatabasamu tabasamu la Kibwana. Mlinzi mzee alikaa kati yao na kalamu.

"Unamjua mama huyu?"

Zamda alimtazama Bi Sikudhani usoni, kwa muda. Macho yake yalikuwa kama madirisha ya nyumba ambayo watu wamehama.

"Simjui," alisema.

Mlinzi akaandika. Bi Sikudhani aliona mikono yake mwenyewe mapajani na bakuli la vitumbua ndani yake, na akamwelewa Bi Tausi mpaka mwisho.

"Lakini mgeni ni mgeni," alisema mlinzi, kwa kuwa naye alilelewa na watu. "Mpe maji."

Zamda akainuka akaenda dirishani. Hapo ndipo Bi Sikudhani alipoliona dirisha. Kwenye ukingo wake, upande wa jua, zililala chupa zisizo na rangi, moja baada ya nyingine, na dirisha la pili hivyo hivyo, na la tatu. Moja ilikuwa na kofia ya mlinzi juu yake, kuonyesha ni ya nani.

Zamda alimimina kikombe, akakileta kwa mikono miwili. Bi Sikudhani akanywa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, meupe, hayana ladha ya kitu chochote. Alikunywa taratibu sana, tone kwa tone, kwa kuogopa kumaliza, maana hakujua baada yake kitasemwa nini.

Akamaliza. Zamda akapokea kikombe, akakaa nacho kifuani, na maneno yote yaliyotangulia kwenye ukumbi ule, hata lile "Simjui", yalikuwa yamesemwa kabla ya maji.

"Mgeni," alisema, "njoo tena."